Kuponda si Kusaga: Kosa Langu la Kakuma

Ndugu msomaji, jarida hili limezoea kupokea makala za fonolojia, tamathali na uhakiki wa riwaya, na mimi mwenyewe nimo mbioni kukamilisha tasnifu ya uzamili juu ya nathari ya Kiswahili. Huenda basi ukastaajabu kunikuta leo nikizungumzia zege na chupa zilizovunjika. Niwie radhi. Nina kosa la kuungama, na kosa lenyewe ni la kitenzi kimoja tu. Sioni baraza linalofaa zaidi kulipokea kuliko hili la wapenzi wa lugha.

Nilizaliwa na kulelewa Lodwar. Mtoto wa Lodwar huijua laga ya Kawalase kabla ya kulijua darasa. Takriban mwaka mzima laga hiyo ni mchanga mkavu tu, uwanja wa mpira na njia ya mbuzi. Mvua inyeshapo huko juu, maji huja ghafla kwa ngurumo, yakazoa kila kilichotupwa mjini na kukimbilia mto Turkwel. Yakisha kupita, mchanga unaobaki huwa laini na safi kwa macho, lakini ndani yake mna chupa. Nina kovu katika wayo wa mguu wa kushoto nililolipata nikiwa darasa la tatu, nikiufuata mpira. Wengi wa rika langu wana lao, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiyalinganisha kama askari wastaafu.

Wingi wa chupa hizo si fumbo. Chupa za soda na za bia zenye amana hurudishwa dukani, zikapangwa katika kreti na kupakiwa lorini kuelekea Kitale. Chupa za pombe kali, za mvinyo, za jemu na za manukato hazina amana. Zikisha kumiminwa kilichomo, huwa hazina mwenyewe. Viwanda vinavyoweza kuziyeyusha viko mbali: Nairobi, Mombasa, na ng'ambo ya mpaka Dar es Salaam, ambako kiwanda kimojawapo kimejiita Kioo bila ya makuu. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni takriban kilomita 700, na tani ya vigae vya chupa haiwezi kujilipia nauli ya safari hiyo. Zipo sehemu nyingine ambako watu wameyapatia mabaki hayo kazi nzuri. Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, karakana alizozianzisha Nani Croze zimekuwa zikiyeyusha kioo chakavu na kukigeuza vyombo na madirisha ya rangi kwa miongo kadhaa. Huko Unguja, wanawake wa Chako hukata chupa za mahotelini wakapata bilauri na taa. Lakini hayo yanahitaji mtalii wa kununua, na Lodwar haina watalii wa kutosha kununua chupa zake zote.

Mwaka 2021 rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye shule ya upili na ambaye sasa ni mhandisi wa ujenzi, alinijia na habari iliyonitoa usingizini. Alisema kwamba chupa ikisagwa mpaka ikawa unga laini kama wa ngano, inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji katika zege. Si mapambo, si kijazio, bali saruji. Katika mfuko wa kilo 50, kilo 5 hadi 10 zinaweza kuondolewa na unga wa chupa ukaingia mahali pake. Nilikwenda kupima chupa tupu katika mizani ya duka la jirani, nikakadiria kuwa kilo 10 ni chupa 30 hivi. Jioni hiyo nilipita Kawalase nikajikuta nazihesabu.

Acha nieleze kwa lugha yangu jinsi jambo hili linavyotendeka, maana mhandisi alinieleza mara nne ndipo nikaelewa. Saruji inapokutana na maji hutoa gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoshika mchanga na kokoto. Pamoja na gundi hutoa pia chokaa, ambayo haina nguvu ya kushika kitu. Imekaa tu humo ndani kama mgeni asiye na kazi. Kioo cha chupa, kwa upande wake, zaidi ya thuluthi mbili ni silika, yaani dutu ileile ya mchanga mweupe. Lakini tofauti na silika ya mchanga, ambayo imejipanga safu kwa safu na haiguswi kwa urahisi, ile ya kioo iliyeyushwa na kupozwa kabla haijapata kujipanga. Ikisagwa sana, humkuta yule mgeni asiye na kazi, wakaungana, ikazaliwa gundi nyingine ya jinsi ileile ya saruji. Kazi hiyo huenda polepole. Zege lenye unga wa kioo likijaribiwa siku ya 28, ambayo ndiyo siku ya mtihani kwa desturi ya wahandisi, aghalabu huonekana nyuma kidogo ya zege la kawaida. Likingojewa hadi siku ya 90, hulifikia, na mara nyingine hulipita.

Hii si ndoto ya watu wawili wa Lodwar. Shirika la viwango la Marekani, ASTM, lilitoa mwaka 2020 kiwango maalumu cha unga wa kioo wa kutiwa katika zege. Na sababu ni kubwa kuliko Turkana: utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na shughuli za binadamu ulimwenguni, kwani mawe ya chokaa hayana budi kuchomwa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi. Sisi tuna sababu yetu ya karibu zaidi. Saruji ya Lodwar hupanda lori kutoka Athi River, na kila kilomita ya barabara huongeza shilingi katika bei yake.

Sharti lililomo katika habari hiyo yote ni ukubwa wa punje. Unga unaofaa ni ule unaopita katika chekeche yenye matundu ya mikroni 75, ambao ni kama unene wa unywele. Vipande vikubwa vikiingia zegeni, hali hupinduka. Hapo alkali iliyomo ndani ya zege huushambulia uso wa kila kipande, ukatoka ute unaofyonza maji na kuvimba. Zege halina pa kutanukia; hupasuka. Aliyeieleza dunia ugonjwa huu mwaka 1940 ni Thomas Stanton, mhandisi wa barabara wa jimbo la California, ingawa yeye aliukuta katika mawe wala si katika chupa. Kwa hiyo, msomaji wangu, chupa ileile, katika zege lilelile, ikiwa unga hujenga na ikiwa vigae hubomoa. Haya nayajua leo. Laiti ningaliyajua vizuri siku nilipokalia kiti cha mfasiri!

Kikundi kimoja cha vijana wa Kakuma, wakimbizi na wenyeji pamoja, kilikuwa na nia ya kutengeneza sakafu ya zege kuzunguka bomba la maji. Mhandisi alikuwa amebanwa na kazi kusini. Akaandika maelekezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza, akaniomba niyatafsiri na kuyapeleka mwenyewe, kwani mimi, alisema, ndimi mwenye Kiswahili. Nilivimba kichwa. Nilikaa usiku kucha nikiyapamba. Na nilipofika katika sentensi iliyosema chupa zivunjwevunjwe kisha zisagwe ziwe unga, jicho langu la mwanafunzi wa mitindo liliona takriri isiyo na tija. Vitenzi viwili kwa jambo moja! Nikakifuta kimoja. Nikaandika: "Chupa zipondwe vizuri, kisha zichanganywe na saruji." Niliisoma kwa sauti nikaipenda mizani yake.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, ikiwapokea hasa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa kando yake. Leo sehemu hizo mbili zina wakazi zaidi ya 200,000. Umewahi kusoma, katika makala za Kiingereza, kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali"? Dai hilo hunakiliwa na kunakiliwa upya kana kwamba limetoka katika kamusi. Nami nililitafuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu nikijua fika kwamba sitalikuta. Kakuma ilikuwa mahali pa Waturkana na mifugo yao, kando ya laga ya Tarach, kabla ya mwandishi yeyote kuhitaji sitiari ya ukiwa. Siku ile ndani ya matatu niliwacheka sana waandishi hao wasiojali neno. Kicheko hicho nakikumbuka.

Fundi mkuu wa kikundi alikuwa mzee wa Kiturkana tuliyemwita Apa, kama ilivyo adabu kwa mwanamume wa umri wake. Pamoja naye walikuwapo vijana wa Sudan Kusini, Msomali mmoja aliyejua kusuka vyuma, na mama mmoja wa Kikongomani, kutoka Kivu, aliyewahi kuuza vifaa vya ujenzi kwao. Niliwasomea karatasi yangu. Walinisikiliza kwa heshima.

Tatizo la kwanza lilizuka katika neno kioo. Nilikuwa nimelitumia kwa kupokezana na chupa, ili nisichoshe sikio. Kesho yake kijana mmoja alileta vioo vya kujitazamia vilivyovunjika, mwingine akaleta kioo cha mbele cha gari chenye utando wa plastiki, na wa tatu akaja na taa ndefu za mirija zilizoungua, ambazo huwa na zebaki ndani. Mhandisi, nilipompigia simu, alipiga kelele hata nikausogeza mkono wa simu mbali na sikio. Chupa tu! Tukavitenga vile vingine. Kosa hilo lilinusurika kwa sababu lilionekana.

La pili halikuonekana. Apa aliniuliza, "Mwalimu, tuponde namna gani?" Nikamjibu, kwa ufasaha wote, vizuri. Wakaingiza chupa katika magunia, wakayapiga kwa nyundo na mchi wa chuma hadi vigae vikawa kama punje za mahindi, vingine kama choroko. Kazi nzuri. Nilipiga picha. Mama wa Kivu alishika vigae kiganjani akauliza kama hiki ndicho kitakachoshika mahali pa simiti, kwani kwake kilifanana na kokoto. Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko jibu langu. Nilimwambia, "Mama, ndivyo ilivyoandikwa," nikisahau kwamba aliyeandika ni mimi. Wakachanganya, na kwa kutaka uimara wakachagua saruji ya nguvu isiyotiwa majivu ya volkano. Baadaye mhandisi aliniambia kwamba ile ya kawaida, iliyochanganywa, ingepunguza ubaya kiasi fulani. Sakafu ilimwagwa, ikang'aa juani. Nikarudi chuoni.

Mwaka 2023 nilikwenda Kakuma kukusanya data ya tasnifu nikapita kuiona. Sakafu ile, ambayo maji ya bomba huilowesha mchana kutwa, ilikuwa imejaa nyufa zilizounganika kama ramani ya vijito. Ukingoni zege lilikuwa limebanduka. Katika pale palipobanduka, vigae vya chupa vilichomoza, vya kijani na vya kahawia, vikali kama siku vilipopondwa. Watoto walikuwa kwenye foleni na madumu yao ya manjano, wengi wao bila viatu. Mtoto wa kike wa miaka sita hivi alikuwa amefungwa kitambaa mguuni. Nilimuuliza dada yake kilichomfika, naye akaionyesha sakafu kwa kidevu tu, bila lawama, kama mtu anavyoonyesha jua.

Nilikuwa nimevichukua vile vigae kutoka mchangani, vilikoukata mguu wangu, nikavipeleka kilomita 120 na kuvipanga mahali ambapo watoto hawana budi kusimama.

Mhandisi alikuja wiki iliyofuata. Alibomoa kipande kwa patasi, akanionyesha duara jeupe lililozunguka kila kigae, limekauka kama ute wa yai ulioachwa sahanini. Alisema kwa uangalifu wa watu wa fani yake kwamba sakafu hupasuka kwa sababu nyingi, ila hapa hakuwa na haja ya kutafuta ya pili. Kisha akaomba aione karatasi yangu. Aliisoma kimya hadi neno zipondwe. "Na kusaga kuko wapi?" Nikamwambia nilikiondoa kwa sababu za kimtindo. Sijui kama kuna jibu la kipuuzi zaidi ambalo mwanafunzi wa fasihi amewahi kumpa mhandisi.

Apa hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu, "Ungesema kusaga, tungesaga. Mke wangu anajua tofauti, na hajasoma." Na kweli, nani asiyeijua? Lugha yetu ina kuvunja, kuponda, kutwanga, kuparaza, kusaga, kuchekecha, kila kimoja na chombo chake na ukubwa wa punje zake. Jikoni hakuna anayevichanganya. Nilikuwa na ngazi nzima ya vipimo mdomoni, nami niliichukulia kuwa rundo la visawe vya kupambia sentensi.

Nilirejea Nairobi nikawa nasoma nje kabisa ya mada yangu, msimamizi wangu anisamehe. Hapo ndipo nilipolitazama kwa mara ya kwanza neno ambalo nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote: saruji. Limetujia kutoka upande wa Ghuba. Kwa Waajemi na kwa Waarabu wa Oman, saruji ya kale haikuwa ile ya kiwandani. Ilikuwa udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa. Waomani waliitumia kusakafia mifereji ya aflaji na mabirika ili maji yasivuje. Udongo uliochomwa na kusagwa hufanya na chokaa kazi ileile ifanywayo na unga wa chupa, na ileile iliyofanywa na majivu ya volkano ya Pozzuoli katika majengo ya Warumi. Kwa hiyo neno tulilomrithisha mgeni wa mifuko ya karatasi lilikuwa tayari limebeba maarifa haya, pamoja na kitenzi nilichokifuta.

Pwani yetu nayo ilijua kuweka vyombo ndani ya chokaa. Nguzo ya kaburi la Mambrui imepachikwa bakuli za kaure za Uchina, na zipo nyingine huko Kunduchi. Lakini pale vyombo vilipachikwa usoni, vizima, kwa ajili ya kutazamwa. Havikuambiwa vishike kitu.

Mwaka jana tulijaribu tena, kwa kibali cha wanakikundi ambao wangekuwa na kila haki ya kunifukuza. Sakafu ya zamani ilivunjwa kwanza, na vigae vyake vikafukiwa mbali na njia. Suala la kusaga lilitutoa jasho. Mtu mmoja alishauri twende kwenye kinu cha posho usiku, mwenyewe akiwa amelala. Tulikataa kwa kauli moja, kwani mahindi ya kesho yangesagwa na jiwe lilelile. Hatimaye mhandisi alitengeneza pipa la chuma lililolala juu ya magurudumu, akalitia gololi za malori mabovu, likawa linazungushwa kwa mota ndogo kwa saa nyingi huku likipiga kelele ya kutisha. Tulivaa barakoa na miwani ya kinga. Unga ulipotoka tuliupitisha katika chekeche iliyoazimwa maabara, na kilichobaki juu kikarudishwa pipani. Chupa za rangi zote hutoa unga mweupe. Jambo hilo lilimfurahisha kila mtu isipokuwa mimi niliyeshughulika na karatasi.

Safari hii sikuandika kabla ya kuuliza. Tulikaa chini ya mwedungu nikawasomea sentensi moja moja, wao wakanirudishia kwa maneno yao walichokielewa, na pale yalipotofautiana nilifuta yangu. Vitenzi vyote vilirudi. Ubishi ulikuwa juu ya jina. Unga wa kioo ulikataliwa mapema, kwa sababu mnazozijua. Vijana walipendelea vumbi la chupa. Mama wa Kivu alisema vumbi ni kitu cha kufagia, mtu akisikia vumbi hatalipima. Msomali aliogopa neno unga lisije likapelekwa jikoni na mtu asiyejua. Ilichukua muda. Mwishowe Apa alichota kidogo akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, akanipa nami nisugue. Haukukwaruza. "Andika unga wa chupa," alisema, "halafu andika: usiokwaruza. Kisha chora fuvu kwenye gunia."

Niliandika hivyo, na fuvu nikalichora. Tulipunguza saruji kwa sehemu moja katika kumi tu, kwa tahadhari, tukamwaga kibao kidogo cha majaribio mbali na bomba, hatua mbili kwa mbili, pamoja na michemraba sita ya kupeleka maabara. Mama wa Kivu alikuwa wa mwisho kushika mwiko. Akaandika tarehe pembeni kwa msumari, na chini yake tarehe nyingine ya siku 90 mbele, kisha tukafunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kuwaomba watoto wasikanyage.